Neno «kutoamini» na mizigo yake mine



Katika vijitabu kama hiki tumezoea kueleza desturi: ndoa, mahari, kilio, mavuno, majina ya mapacha. Mimi nitaeleza neno moja tu. Neno lenyewe ni «kutoamini». Wengine watauliza: neno linaingia namna gani katika mambo ya desturi? Jibu ni rahisi. Desturi ya watu inakaa kwanza katika vinywa vyao. Ukitaka kujua namna watu wanavyopokea habari, namna wanavyoikataa na namna wanavyomsikiliza mgeni, angalia maneno wanayotumia.

Neno hili lilisemwa sana kwetu, Nord-Kivu na Ituri, kati ya mwaka wa 2018 na 2020, wakati wa ugonjwa wa Ebola. Lilisemwa kwa radio, kanisani, katika mikutano ya serikali na ya mashirika. Kwa maoni yangu lilitumiwa vibaya mara nyingi, na ubaya huo haukuwa wa sarufi peke yake. Ulizuia watu kuelewana wakati kuelewana kulikuwa ni jambo la uhai na kifo. Njo maana ninaona inafaa tulikalishe neno hili ku baraza, tulihoji, lijibu lenyewe.

1. Umbo la neno

Kiswahili kina majina mengi ya hali za mtu: uzuri, ujinga, ukarimu, upendo, uvivu. Lakini kwa hali ya mtu asiyeamini, hakina jina la kila siku la namna hiyo. Tunachukua kitendo «kuamini», tunaingiza kisehemu «-to-» katikati, na tunapata «kutoamini». Wengine wanasema «kutokuamini», ni kitu kimoja. Maana yake neno hili si jina kamili. Ni kitendo kilichovaa koti la jina.

Na kitendo hiki kinadai kitu mbele yake. Mtu akisema «alipiga», tutauliza: alipiga nani? Akisema «walileta», tutauliza: walileta nini? Sawa vile mtu akisema «watu wa huku hawaamini», ingefaa tuulize mara moja: hawaamini nini? Hawaamini nani? Bila jibu, msemo haujaisha. Lakini tumeuzoea hivyo hivyo, umekatwa kichwa, na tunafikiri tumesema jambo.

Kifaransa kinatenganisha. «Incrédulité» ni ya mtu anayekataa habari. «Incroyance» ni ya mtu asiye na dini. «Méfiance» ni ya mtu anayemchunga mwenzake. Ninapotoa zoezi la kutafsiri kwa wanafunzi wa humanités, maneno haya matatu yananirudia yote na jina moja: kutoamini. Wanafunzi hawana kosa. Kiswahili chetu cha kila siku kinapakia mizigo yote juu ya punda mmoja. Kosa ni la mkubwa anayempiga punda bila kuuliza amebeba nini.

Tuangalie pia asili. «Kuamini» kulitoka Kiarabu, na mzizi wake ndio ulitupa maneno mengine tunayoyajua: imani, amani, amana, mwaminifu. Yote yana harufu moja, ile ya usalama. Amana ni kitu unachoweka kwa jirani, na usiku unalala usingizi. Basi kumwamini mtu ni kumwachia kitu chako bila hofu. «Kusadiki» kulitoka pia Kiarabu, lakini kwa mzizi wa ukweli: kusadiki ni kukubali kwamba neno fulani ni kweli. Tungeweza kugawa kazi vizuri: kumwamini mtu, kuisadiki habari. Kwa bahati mbaya, kwetu «kusadiki» kumebaki karibu kanisani tu, katika sala ya Nasadiki. Sokoni na nyumbani hakusikiki tena. Kazi yote imeangukia «kuamini».

Lugha zetu zingine zinatufundisha jambo lingine. Kwa Lingala, «kondima» ni kuamini, na ni kukubali pia. Kwa Kinyarwanda, «kwemera» ni vile vile. Kwa Kiluba, «kwitabija» ni kuamini na kukubali, nacho kinatoka katika kitendo cha kuitika mtu anapokuita. Hata katika Kiswahili chetu cha Kongo, mtu akikataa habari anasema: «Ile sikubali», ao: «Ile siitike». Kumbe kwa wazee wetu kuamini kulikuwa ni kuitika. Na ni nani anaitika usiku bila kujua ni nani anamwita? Mtoto wa kwetu anafundishwa tangu udogo asiitike ovyo sauti asiyoijua. Kwa hiyo kutoitika si upumbavu. Ni kungoja sauti ijitambulishe.

2. Mizigo mine

Nikisikiliza watu wanavyosema, ninapata maana nne za kutoamini.

Mzigo wa kwanza ni wa moyo ulioshtuka. Simu inalia, unaambiwa ndugu yako amefariki. Unasema: «Hapana, siamini.» Humwiti mtu mwongo. Unajua pengine kwamba ni kweli. Lakini moyo unachelewa nyuma ya masikio. Hata kwa furaha tunasema vile: mtoto amefaulu mtihani wa Serikali, mama anapiga makofi na kusema: «Siamini!» Kutoamini huku ni kama mlango mzito: utafunguka, lakini polepole.

Mzigo wa pili ni wa akili inayopima habari. Mtu anakuja na maneno, unayaona hayasimami. Unasema: «Ni bongo», maana yake ni uongo. Ao unauliza: «Uliona na macho yako, ao ulisikia tu?» Huku ni kutosadiki. Dawa yake ni ushuhuda.

Mzigo wa tatu ni wa uhusiano. Habari inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini aliyeileta simwamini. Alinidanganya jana, ao alikaa kimya wakati nilipopigwa. Hapa hata ukileta ushuhuda gunia zima, sitafungua. Ninauliza kwanza: «Nani amekutuma? Na tangu lini unanipenda?» Dawa yake si ushuhuda. Dawa yake ni mwenendo.

Mzigo wa nne ni wa dini. Mafundisho ya wamisionari yaligawa watu: waamini upande huu, wasioamini upande ule. Waislamu walikuwa na neno lao tangu zamani, «kafiri», na asili yake kwa Kiarabu ni mtu anayefunika, anayefunika ukweli alioonyeshwa. Katika mzigo huu asiyeamini ni mtu wa kuhurumiwa ao wa kulaumiwa. Anatakiwa kugeuka, kuongoka, kuungama.

Mizigo hii mine haina uzito sawa. Ubaya mkubwa wa neno letu ni kwamba mzigo wa nne unanukisha ile mingine. Ukimwambia mtu wa kwetu «wewe huamini», hata kama unazungumza juu ya maji ao dawa, masikio yake yanasikia kidogo «wewe ni mpagani».

3. «Hawaamini Ebola»

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, na wagonjwa wa kwanza waliojulikana walikuwa upande wa Mangina, karibu na Beni. Ulitangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020. Hesabu ya Shirika la Afya la Ulimwengu inaonyesha wagonjwa 3.470 na wafu 2.287. Ni wengi sana, na kati yao walikuwa watoto na waganga.

Mapema tu msemo mmoja ulizaliwa: «Watu hawaamini Ebola.» Tuuchunguze kwanza kama Kiswahili. Tunaamini Mungu. Tunamwamini rafiki. Lakini kuamini Ebola ni kufanya nini? Ni kuisadiki kwamba iko? Ni kuiogopa? Ni kuwatii wanaoihubiri? Msemo hausemi. Unaleta ugonjwa mahali pa Mungu, na unamweka msikilizaji katika kiti cha mpagani. Baada ya hapo anakuja «mhamasishaji» na kipaza sauti, anahubiri. Si ajabu wengine walifunga madirisha.

Tena kuna hesabu inayojulikana. Mnamo Septemba 2018 watafiti waliwauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Katika kila mia, 25 na nusu walijibu kwamba Ebola haiko kwa kweli. Hesabu hii ilizunguka dunia nzima, ikatangazwa kama alama ya kutoamini kwetu. Lakini utafiti ule ule ulikuwa na hesabu ya pili, ambayo haikusafiri mbali sana: chini ya mtu mmoja juu ya watatu, yaani 31,9 katika mia, ndio walisema wanaamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea faida yao. Na watafiti wenyewe walionyesha kwamba mambo haya mawili yanashikana: aliyekosa imani kwa viongozi alikuwa pia na mashaka juu ya chanjo na juu ya kwenda hospitali.

Ukisoma hesabu ya kwanza peke yake, unaona mzigo wa pili: watu wajinga hawasadiki habari, tuwafundishe. Ukisoma hesabu zote mbili pamoja, unaona mzigo wa tatu: watu hawamwamini mleta habari. Ni magonjwa mawili tofauti, na yalipewa dawa moja, ile ya kipaza sauti.

Kwa nini hawakumwamini? Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini kijitabu kinasomwa hata mbali. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake walikuwa wanauawa kwa mapanga na visu. Waliomba msaada, walizika, wakaomba tena. Wageni na magari mengi hawakuonekana kwa wingi ule. Kisha Ebola ikafika, na katika majuma machache barabara zikajaa magari, watu wakalipwa kwa dola. Swali la kwanza la muntu yeyote lilikuwa: mbona kwa kifo kile hamkuja, na kwa hiki mumekuja mbio? Swali hili halikatai kwamba Ebola iko. Linauliza juu ya mapendo. Ni lile lile: «Tangu lini unanipenda?»

Halafu, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne mbele ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni, Butembo, na Yumbi huko magharibi hawatapiga kura mpaka Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu ziliitwa Ebola na usalama mdogo. Machi ingefika wakati raisi ameisha kuapishwa. Watu waliona kwamba masoko yalikuwa wazi, makanisa wazi, masomo wazi, na sanduku la kura tu ndilo lilikatazwa. Siku ya pili yake hasira zilitoka barabarani, hata kituo cha wagonjwa huko Beni kilishambuliwa. Tarehe 30 Desemba wakaaji wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao ya mfano, wakinawa mikono mbele ya kupiga. Tafadhali tuangalie tendo hili vizuri. Mtu anayenawa mikono kwa ajili ya Ebola, je, ni mtu asiyeisadiki Ebola? Aliisadiki. Walioitumia ndio hakuwaamini.

Na mambo yaliyofuata hayakuwafanya wenye mashaka kuwa waongo. Mnamo Machi 2020 mahakama ilimhukumu waziri wa zamani wa afya kwa kosa la kula feza za kupigana na Ebola. Mnamo Septemba 2021 tume iliyoundwa kuchunguza ilitangaza watu 83 walioshukiwa kuwatumia vibaya wanawake wakati wa kazi ile, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa Shirika la Afya la Ulimwengu. Sisemi kwamba wote waliokuja walikuwa hivyo. Wengi walifanya kazi ya jasho na wengine walitoa uhai wao. Ninasema tu kwamba «kutoamini» kwa mzigo wa tatu kulikuwa na sababu, na kuliitwa kwa jina la mzigo wa pili, na wakati mwingine kwa jina la mzigo wa nne.

4. Njia ya wazee ya kutoka katika kutoamini

Kwa kuwa kijitabu chetu ni cha desturi, nakuja sasa ku jambo ninaloliona kuwa la maana kupita yote: mazishi.

Nimesema kwamba mzigo wa kwanza ni ule wa moyo ulioshtuka. Wazee wetu waliujua vizuri. Hawakumwambia mfiwa: «Amini!» Walimpa njia ya kutembea mpaka aamini. Habari ya kifo inaletwa na mtu wa jamaa, si na mpita njia. Watu wanakusanyika, wanalala nje, moto unawaka. Maiti inaoshwa na watu wanaojulikana, inavikwa. Uso unaonyeshwa. Mmoja mmoja anapita, anaona, analia. Kisha kaburi, na kila mmoja anatupa udongo na mkono wake. Na hata baada ya hapo kuna siku za matanga. Kwa ufupi, kilio chetu ni masomo marefu ya kukubali jambo lisilokubalika. Macho yanaona, mikono inagusa, na pole pole moyo unafika mahali ambapo masikio yalifika tangu siku ya kwanza.

Ebola ilikata njia hii yote kwa siku moja, juu mwili wa mtu aliyekufa na Ebola unaambukiza kuliko wa mgonjwa mzima. Hilo ni kweli ya sayansi, hakuna wa kuijadili. Lakini tuone namna ilivyofanywa mwanzoni. Mgonjwa alipanda gari, akaingia nyuma ya uzio. Siku zikapita. Kisha familia ikaletewa mfuko uliofungwa, na watu waliofunika uso wote, hata sauti zao hazijulikani. «Huyu ni mtu wenu, muzike.» Nani anaweza kuamini? Maneno yakazuka kwamba ndani ya mifuko kuna mawe, kwamba viungo vimeibwa. Wakubwa wakaandika: watu hawaamini. Mimi ninasema: watu walinyang'anywa njia ya kuamini, halafu wakalaumiwa kwa kutofika.

Ushuhuda wa jambo hili ni kwamba mahali njia iliporudishwa, hata nusu yake, mambo yalibadilika. Huko Beni, tangu mwaka wa 2018, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki inayopitisha macho. Familia ilisimama nje bila hatari, ikamwona mgonjwa wao, wakasemezana. Timu za Msalaba Mwekundu, baada ya kusikiliza malalamiko, zilileta mifuko inayoonyesha maiti, na jamaa wakaruhusiwa kushiriki katika mazishi kwa namna iliyo salama. Na waliopona, ambao mwili wao ulikuwa na kinga, walifanya kazi ya kuwalea watoto wa wagonjwa na kuwahudumia wagonjwa wenyewe. Mtu wa mtaa wako, unayemjua jina, anatoka ndani anakwambia: «Nilikuwa humu, niliona, nilipona.» Huyu analeta mambo mawili pamoja: ushuhuda wa kutosadiki, na uso unaojulikana wa kutoamini. Mhubiri wa kipaza sauti hakuwa na hata moja.

Wakristo wenzangu wakumbuke Tomaso. Kwetu jina lake limekuwa tusi: «Wewe ni Tomaso!» Lakini tusome habari yake mpaka mwisho. Tomaso aliomba kuona na kugusa, na hakufukuzwa. Alionyeshwa. Na kumbuka kwamba alikuwa ndani ya nyumba pamoja na wenzake, hakukimbia. Kama Bwana mwenyewe hakukasirikia ombi la macho na vidole, sisi tunakasirika juu ya nini?

5. Tusisifu kutoamini kupita kiasi

Hapa lazima nigeuke, juu najua wasomaji wengine wamekwisha kufurahi. Kuna watu kwetu, hata wenye masomo, wanaofanya kutoamini kuwa ushujaa. Wanasema: mababu hawakukubali kitu cha mgeni, na sisi tusikubali. Hii si kweli juu ya mababu, na ni hatari juu yetu.

Mababu waliuliza, kisha wakakubali ao wakakataa. Mihogo na mahindi tunayoyaita chakula cha kwetu yalitoka Amerika. Yaliingia kwa sababu watu walionja, wakaona hayauwi, wakapanda. Kutoamini kwa wazee kulikuwa na mwisho. Kilikuwa ni kizingiti cha mlango. Ukikaa juu ya kizingiti maisha yako yote, wewe si ndani wala nje, na unazuia wengine kupita.

Kutoamini kusiko na mwisho kuliua. Mnamo Februari 2019 vituo vya wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi huko Butembo akiwa kazini hospitalini. Mambo haya hayawezi kuitwa mashaka. Mwenye mashaka anauliza, na anayeuliza anangoja jibu. Anayeua mjumbe hataki jibu. Na wale waliowaficha wagonjwa wao nyumbani mpaka mwisho, wengi walizika si mmoja bali nyumba nzima. Dawa zilikuwa zimepatikana: mnamo Agosti 2019 ilitangazwa kwamba dawa mbili kati ya zile zilizojaribiwa huku kwetu zinaponya wengi wanaofika mapema. Moja ya hizo mbili ilitokana na damu ya Mukongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka wa 1995, kwa kazi aliyoshiriki profesa Muyembe. Dawa iliyotoka katika mwili wa ndugu yetu, na wengine waliikataa kwa kuiita ya wageni!

Tena kuna jambo linalonisumbua zaidi. Mtu aliyemkatalia muganga akisema «leta ushuhuda», ni yule yule anayeambiwa usiku mmoja kwamba mtoto wa kaka yake ni mulozi, na anasadiki pale pale. Hakuuliza nani aliona. Hakuuliza mwenye kusema anapata faida gani. Mtoto anapigwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, katika kifungu cha 160, inamwazibu anayemshitaki mtoto kwa ulozi, kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Sheria iko. Kinachokosa ni kutoamini kwetu. Hapo ndipo tungepashwa kusema kwa nguvu: «Sikubali! Ni bongo! Uliona na macho yako?» Tuna mashaka mengi pale yanapotuua, na hatuna hata kidogo pale yangeweza kumwokoa mtoto.

Basi kutoamini si ubaya wala wema kwenyewe. Ni kama panga la jikoni. Tuulize linakata nini.

6. Mashauri ya matumizi

Uhakiki usio na mashauri ni kelele tu. Ninaleta matano mafupi.

Kwanza, tusiache tena msemo ukatwe kichwa. Tukisema «hawaamini», tuongeze: hawaamini nini, ao hawamwamini nani. Ni silabi chache, lakini zinabadilisha kazi ya kufanya.

Pili, tufufue «kusadiki» nje ya kanisa. Habari tuisadiki ao tusiisadiki, mtu tumwamini ao tusimwamini. Walimu tunaweza kuanza darasani, waandishi wa radio wanaweza kuanza kesho.

Tatu, tuache kusema «kuamini Ebola», «kuamini Korona», «kuamini chanjo». Tuseme «kukubali kwamba ugonjwa uko», «kukubali kuchanjwa». Magonjwa si miungu.

Inne, wahubiri wasichanganye asiyesadiki habari ya afya na asiyesadiki Injili. Mmoja anangoja ushuhuda, mwingine anangoja neema. Ukiwaweka katika mahubiri moja, utawapoteza wote wawili.

Tano, na hii ni kwa wakubwa wa serikali na wa mashirika: mkiona kutoamini kwa mzigo wa tatu, msiagize vipaza sauti vingine. Kaeni chini kwanza, sikilizeni malalamiko yenyewe. Mzizi wa imani ni mzizi wa amani, hata lugha inajua. Kumwomba mtu imani mahali pasipo na amani ni kumwomba aweke amana yake kwa jirani ambaye nyumba yake inawaka moto.

Kwa kumalizia, ndugu wasomaji, wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi ningeongeza kwamba njia ya msema kweli ni ndefu, juu lazima apite kwa kila nyumba, ajitambulishe, aonyeshe alichokiona, akae mpaka maswali yaishe. Atakayetuletea habari kesho, nzuri ao mbaya, atembee njia hiyo. Na sisi tumwulize maswali yetu yote, kisha, akijibu vizuri, tuitike.